Wanane Kwenye Kitabu cha Getini

Askari wa getini alitutazama kuanzia juu mpaka chini, akauliza kama tulikuwa tunakwenda hifadhini au harusini. Tulikuwa wanawake sita wa kikundi cha wauza nguo wa soko la Katoro, tumevaa sare ya kitenge chekundu chenye maua ya njano, na kitenge chenyewe niliwauzia mimi. Ndani ya gari haina shida, akasema, lakini kwenye matembezi ya miguu hatembei mtu na nyekundu. Mwenyekiti wetu akanikata jicho. Tukaenda nyuma ya ofisi, tukageuza magauni ndani nje, na hapo ndipo kila mtu alipoona kuwa upande wa pili kitenge changu hakikuwa na rangi kabisa, kimepauka kama gunia. Walinisema mpaka tunarudi getini. Askari akafungua kitabu cha wageni, akatuhesabu kwa kalamu, akaandika: wanane. Sisi sita, wa saba mama yangu mzazi, wa nane dereva aliyetuleta kutoka Katoro.

Mama peke yake hakuhitaji kugeuza kitu. Alikuwa na sweta lake la kijivu na kitenge cheusi cha siku nyingi. Anakaa kijijini, mbele ya Segese, na hakuja kuona wanyama. Wanyama aliwaona sana usichana wake, tena bila kiingilio. Alikuja kwa sababu nilimwambia kuwa hifadhi hii ndiyo lile pori ambalo kaka yangu alikuwa akichungia ng'ombe wa baba, miaka tisa nyuma. Alikuwa na swali moja la kuwauliza askari: walipomfukuza mwanangu, alielekea upande gani?

Mimi nilikuwa na jibu lake. Kaka hakuelekea upande wowote. Alikuwa mle mle, ubavuni mwa kichuguu, karibu na mahali panapoitwa Mawe Mawili, amekufa miaka tisa. Na mtu aliyemfanya mama aamini habari ya kufukuzwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejiapiza kumwambia siku hiyo, tukiwa tumesimama hapo hapo.

Ilianza na simu. Wakati ule ndiyo kwanza nilikuwa naanza biashara Katoro, meza yangu imebanana na mashine ya kusaga. Kaka alikuwa amehamia pori kwa sababu kwetu malisho yalikwisha; penye nyasi palichimbwa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na ng'ombe wetu wawili walitumbukia humo wakafia humo. Baba hakuwa na simu ya kueleweka, hivyo habari zote za pori zilipitia kwangu. Siku hiyo ikaita namba ngeni. Mtu akapiga kelele, nami nikapiga kelele, mashine nayo inapiga za kwake. Nikasikia jina la kaka. Nikasikia "porini huku". Nikasikia "memfuk", na mkia wa neno ukakatika.

"Wamemfukuza?" nikauliza.

"Eee," akajibu.

Nikasikia tena "ng'ombe tumeondoka nazo", kisha simu ikafa. Ile namba haikupatikana tena.

Miezi ile kila mchungaji alikuwa anafukuzwa. Kuchungia mle kulikuwa marufuku, watu walitolewa makundi kwa makundi, wengine wakaenda Katavi, wengine Morogoro, wengine hawajulikani waliko. Habari ya kufukuzwa ilikuwa ya kawaida mno kiasi kwamba ilijiketisha yenyewe masikioni mwangu. Nikampigia jirani yetu kijijini, nikamwambia amwambie mzee kwamba kaka kafukuzwa porini lakini ng'ombe wako salama. Nilielezwa baadaye kwamba baba alimshukuru Mungu kwa ajili ya ng'ombe.

Neno ambalo halikunijia ni kufukia. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo, maana mimi ni mtu wa machimboni. Katoro neno hilo tunalila na kulinywa: duara limefukia, wamefukiwa wanne, bado wanafukua. Nimechangia rambirambi za waliofukiwa kuliko nilivyochangia harusi. Siku moja tu lilipoletwa kwangu mimi, sikulijua.

Mama akaanza kungoja. Kila kiangazi alikandika upya nyumba ya kaka kwa tope na samadi, kwa mikono yake, ili akirudi asikute ukuta umemomonyoka. Ng'ombe wa mahari yangu, ambao kwetu ndio humwolea kaka mtu mke, walitengwa wakimngoja. Mdogo wetu wa kiume alipotaka kuoa, mama aliweka mguu chini: mkubwa hajaoa, ng'ombe wasiguswe. Mdogo akasubiri, akachoka, akaenda kuishi na mwanamke Kahama bila mahari wala baraka, na nyumbani hakukanyaga tena, isipokuwa siku tuliyomzika baba. Baba mwenyewe alikufa akituagiza kwamba mkubwa akirudi aoneshwe mpaka wa shamba. Haya yote yalitoka kwenye nusu neno.

Miezi mitatu kabla ya safari nilipeleka vitenge mnadani Buseresere. Mwanamume mmoja, fimbo kwapani, akasimama mbele ya meza yangu akanikazia macho, kisha akasema nafanana sana na mtu aliyewahi kuchunga naye. Nilifurahi kijinga. Nikampa ndoo akae, nikamuuliza, "Kwani siku hizi yuko wapi?"

"Si tulipiga simu?" akasema. "Akapokea mwanamke. Tukamwambia tumemfukia."

Yeye ni Mzinza, sisi Wasukuma. Lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichotuponza. Alinieleza yote pale pale, watu wakipita na mbuzi wao. Nyoka alimuuma kaka asubuhi wakifungua boma. Akakaa siku mbili akivimba. Kumtoa hadi barabarani ilikuwa mwendo wa kutwa, lakini kutoka kulikuwa ni kukutwa na askari, na kukutwa kulikuwa ni kukamatiwa ng'ombe. Wakajadiliana, wanaume watatu, mgonjwa wa nne. Alisema kaka mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba ng'ombe za mzee zisipotee. Sijui kama ni kweli au alinionea huruma.

Nikamuuliza kwa nini hawakusema wamemzika. Neno kuzika ningelisikia hata kwenye radi. Akashangaa swali langu. "Hatukumzika, dada," akasema. "Kuzika ni watu. Ni sanda, ni maombi, ni mama mtu awepo. Sisi tulimfukia tu." Walimlaza kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, ubavuni mwa kichuguu, kwa sababu hawakuwa na jembe, wakalijaza udongo kwa mapanga na mikono. Kisha mmoja akaenda kwenye hame la zamani, mahali watu walipohama, akakata kijiti cha mnyaa, akakichomeka kichwani pake. Mnyaa ni mti wa uzio kwetu. Hauoti wenyewe porini. Ukiuona peke yake ujue kuna mtu aliuchomeka.

Sikulia mnadani. Niliuza vitenge viwili zaidi, nikafunga mzigo, nikapanda gari.

Ningeweza kumpigia mama siku ile ile. Lakini simu na mimi tulikwisha kuharibu ya kutosha. Ningeweza pia kwenda kijijini nikamkalisha chini, na kweli nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili nilimkuta anakandika ile nyumba, nikavua viatu nikamsaidia kukandika. Ni uoga, siupambi. Basi kikundi kilipoanza kubishana wapi twende kutembea mwisho wa mwaka, wenzangu wakitaka Mwanza wakale samaki ufukweni, mimi nikang'ang'ania hifadhi mpaka mwenyekiti akasema sikujua kama unapenda twiga kiasi hicho. Nikaomba nije na mama yangu. Nilikuwa nimeshapiga simu hifadhini kuuliza kama matembezi yao yanapita penye mawe mawili makubwa kando ya kijito. Wakasema ndiyo, hapo ndipo wanyama wanaponywea maji.

Tulizungushwa asubuhi yote kwa gari la hifadhi lisilo na vioo. Aliyetuongoza alikuwa askari mtu mzima, mvi zimemwingia ndevuni. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti cha mbele karibu naye. Tuliona nyamera, tukaona ngiri, tukaona twiga wanne wakivuka njia kwa dharau zao. Wenzangu walikuwa wanapigana vikumbo kupiga picha. Mwenyekiti akasema twiga yule wa nyuma anatembea kama afisa biashara akija kukagua leseni, na gari zima likacheka, hata askari. Mama alingoja kicheko kiishe.

"Baba," akamwambia askari, "ninyi ndio mliowafukuza wachungaji humu?"

Askari akashika bunduki yake vizuri, nafikiri kwa mazoea tu. "Ilikuwa kazi, bibi."

"Sigombi, askari. Nauliza walielekea wapi. Mwanangu alikuwemo. Mrefu, ana pengo hapa." Akamwonesha kwa kidole jino lake mwenyewe.

"Walikuwa wengi, bibi. Wengi walielekea kusini."

"Kusini," mama akarudia. Akanigeukia, uso wake umefunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba hajafa. "Umesikia? Kusini."

Nikasema nimesikia. Kuanzia hapo twiga hakuwaona tena, wala pala, wala tai. Alikaa kiti cha mbele ameelekea kusini, gari likikata kona naye anageuka, asiupoteze upande. Nilijiambia nimwambie sasa hivi, nikajijibu kwamba wenzangu wanakula maandazi. Ukitaka sababu ya kuchelewesha jambo, hutaikosa.

Mchana tukaachana na gari, tukaanza kutembea. Askari wa mvi mbele, mwingine nyuma, ambaye sikumsikia akitoa neno siku nzima, na sisi katikati kwa mstari mmoja. Masharti tulipewa kabla hata ya kunyanyua mguu. Usitoke kwenye mstari. Usiokote kitu, usiache kitu. Na usipige kelele, kwa sababu mbogo wako karibu, na mbogo akisikia kelele hakimbii, anakuja. "Ninyi kina mama wa sokoni," akasema, "leo mtaweza?" Tukaapa tutaweza. Tulitembea kimya mpaka nikawa nasikia sweta la mama likikwaruza majani. Jua lilikuwa kali, ardhi imepasuka, na kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na mfupa wa mnyama fulani ambao askari alituambia ni wa nini kwa sauti ya chini.

Tulipokiona kijito, niliyaona mawe. Nikaanza kutafuta kichuguu, na vilikuwa vingi. Mama ndiye aliyeona kwanza.

"Mnyaa," akasema.

Ulikuwa umesimama peke yake, umenyooka, umemzidi askari kimo. Miaka tisa si haba kwa kijiti. Mama alitoka kwenye mstari bila kuomba ruhusa, akaukaribia.

"Nani alikaa hapa?" akamuuliza askari.

"Wachungaji hao hao, bibi. Hii huwa tunaikata, si miti ya hifadhi. Huu ulisahaulika."

Mama akauwekea mnyaa kiganja, akacheka kwa sauti ndogo, ile ya kujizuia. "Basi mwanangu alilala hapa," akasema.

Nilimwita, "Mayu." Nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili sikukiamini tena. Kwa Kisukuma maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Nilisema yule mtu wa simu hakusema wamemfukuza. Alisema wamemfukia. Nilisema ni nyoka, siku mbili, na kwamba yuko hapa alipokanyaga. Nilisema aliyesikia vibaya ni mimi. Nilisema upesi upesi, na nilipomaliza nikaona hakuna zaidi la kusema, mambo ya miaka tisa yamekwisha kabla sijameza mate.

Mama aliangalia miguu yake. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama pembeni. Kisha mdomo wake ukafunguka. Mdomo ule naujua, niliuona siku ya baba, na najua kinachofuata. Kwetu mtu akifa analiliwa kwa sauti, kijiji cha pili kisikie. Kifo kisicholiliwa hakijawa kifo bado. Askari naye aliuona. Akanyanyua mkono, akaonesha ng'ambo ya kijito, mbogo wamelala kwenye matete, weusi, wengi, mmoja amekwisha kuinua kichwa.

Mama akaufunga mdomo. Niliona shingo yake ikifanya kazi ya kumeza.

Akashika tawi la mnyaa akalivunja, kijiti cha urefu wa mkono. Mnyaa huota popote ukiuchomeka. Nilielewa alitaka kukipanda nyumbani, pembeni ya baba. Askari akasogea, na nadhani alikuwa amekwisha kuelewa, kwa sababu alivua kofia kwanza.

"Bibi, hairuhusiwi kutoa kitu hifadhini."

"Na kuacha je?" mama akauliza.

"Hata kuacha, bibi."

Mama akakiweka kijiti chini, taratibu, juu ya udongo pale pale, na tukarudi kwenye mstari.

Utomvu wa mnyaa ni mweupe na unapofusha. Mtoto wa kwetu anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu: ukishika mnyaa usiguse macho. Mikono ya mama ilikuwa imelowa utomvu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akatembea mpaka kwenye gari ameitanua mikono mbali na mwili, uso umelowa, hawezi kujifuta. Nilishika pindo la gauni langu nikataka kumfuta mimi. Akageuza uso. Nikajaribu tena mbele kidogo, akageuza tena. Sikujaribu mara ya tatu.

Kwenye gari alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma na mimi, mikono juu ya magoti, viganja wazi. Mbele wenzangu walikuwa wanaonyeshana picha za twiga kwa kunong'ona, bado wanatii amri ya kimya ingawa haikuwahusu tena. Tulikwenda hivyo kama nusu saa.

"Ulisikia nini hasa?" akaniuliza.

Nikamweleza. Mashine ya kusaga, lile neno lililokatika, lile eee.

"Ungeuliza mara ya pili," akasema.



Getini askari yule yule wa asubuhi akatoka na kitabu chake. Akatuhesabu kwa kalamu kama mwanzo. "Mliingia wanane, mmetoka wanane," akasema. "Mmetimia."

"Hatujatimia," mama akasema. "Mmoja kabaki."

Askari akashtuka, akahesabu upya, midomo inatikisika. Mwenyekiti naye akasimama akaanza kuhesabu vichwa. Askari akawa amekwisha kushika redio yake ya mawasiliano, na huwa naambiwa hakuna jambo linalowatisha kama mgeni kubaki ndani. Yule wa mvi akamshika mkono akaushusha, akamnong'oneza. Kitabu kikafungwa.

Mama alishuka, akavuka kizuizi cha geti kwa miguu yake, akahakikisha yuko nje. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye vumbi na kuutoa ukelele alioumeza kule kijitoni. Ulikuwa mrefu. Wenzangu hawakuuliza nani kafa. Walishuka mmoja mmoja, na yale magauni yao yaliyogeuzwa, wakakaa chini kumzunguka, wakalia naye, kwa maana ndivyo tunavyofanya, kujua utajua baadaye. Dereva akazima gari.

Mimi nilikaa pembeni yake. Nafasi ya binti ni pale. Hakunifukuza.

Alipopata pumzi akasema mdogo wetu wa Kahama apigiwe simu, arudi nyumbani, kuna msiba. Nikaingiza mkono kwenye mkoba nikatoa simu. Nilikuwa nimekwisha kulitafuta jina.

"Huyu asipige," mama akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliyasema maneno hayo kwa Kiswahili ili wote wasikie, na akanyoosha kiganja chenye utomvu kumwelekea mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama, akaichukua simu mikononi mwangu. Ikaita mara nyingi kabla ya kupokelewa. Nikamsikia akijitambulisha, akitoa pole, akisema kaka yako mkubwa amefariki, alifariki siku nyingi, tumepata habari leo, mama anakuita nyumbani.

"Mwambie arudie," mama akasema.

Mwenyekiti hakuelewa.

"Arudie alichosikia. Chote."

Mwenyekiti akamwambia, akaiweka simu kwenye sauti kubwa, akaishika katikati yetu. Sauti ya mdogo wangu ikatoka mbali, inakwaruza. Alirudia neno kwa neno.